Mto Sigi: maua yanayoondoka na maua yanayoingia

Katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani huonekana ua dogo la zambarau, lenye majani mazito yaliyofunikwa kwa manyoya laini. Huuzwa madukani kwa bei ndogo, hupelekewa wagonjwa hospitalini, na huwekwa juu ya meza za maofisini ambako jua halifiki. Miongoni mwa wanaolimwagilia maji wamo Watanzania na Wakenya walioko Minneapolis, Leeds na Hamburg, na wengi wao hawajui kwamba mgeni aliyemo chunguni ni jirani yao wa zamani. Kwao hasa ni juu ya mawe yenye kivuli, kando ya vijito vya Usambara Mashariki mkoani Tanga, na katika vilima vichache vingine vya Tanzania na Kenya.

Ua jingine la zambarau limesafiri kuelekea upande wa pili. Hilo lilitoka Amerika ya Kusini, likapendwa kwa uzuri wake, likapandwa katika vidimbwi vya bustani, kisha likatoroka. Afrika ya Mashariki hulijua kwa jina lisilo na heshima hata kidogo: gugu-maji.

Mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi, umeyaona maua yote mawili. Unaanzia katika misitu ya Amani, unapita mashamba ya chai na iliki, unatulia katika bwawa la Mabayani, halafu unaingia Bahari ya Hindi karibu na mapango ya Amboni. Maji ya bwawa hilo ndiyo yanayotegemewa na jiji la Tanga, lenye watu wanaokaribia 400,000 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022. Kwa hiyo swali la kipi kinaota kando ya mto huo haliwahusu wapenda maua peke yao. Ni swali la nani huchukua, nani huleta, na nani huachiwa gharama.

Barua kutoka Tanga

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alipeleka kwao Ujerumani mimea aliyoiona katika sehemu mbili: miamba iliyo mwendo wa kama saa moja kutoka mjini, na milima ya Usambara. Baba yake akaifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen, Hannover. Mwaka uliofuata Wendland akautangaza mmea huo kwa wanasayansi na kuupa jina la ukoo wa mtumaji, Saintpaulia.

Hakuwa mzungu wa kwanza kuuchuma. Sir John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza katika Zanzibar, alikwisha kupeleka sampuli iliyokaushwa katika miaka ya 1880. Baada yake akafuata mmisionari William Ernest Taylor wa Mombasa. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanalijua jina la Taylor kwa sababu nyingine: ndiye aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891, na ndiye aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua kuziokoa tungo za Muyaka zisipotee. Methali zake zilipata wasomaji. Majani yake makavu yalilala kabatini London bila ya kupewa jina. Aliyetuma mmea ulio hai ndiye aliyeshinda.

Kuanzia hapo biashara ikashika kasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bustani moja ya kibiashara ya Los Angeles ilichagua aina kumi kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na aina hizo zikawa chimbuko la maelfu yaliyofuata. Kufikia mwaka 1946 Wamarekani walikuwa wameunda chama cha kitaifa cha walipendao. Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la milima yake, Usambara. Waingereza na Wamarekani wameridhika kuliita la Afrika, kana kwamba lilichumwa popote pale kati ya Kairo na Cape Town.

Wala hapana ushahidi kwamba milima iliyolizaa ilifaidika kwa senti moja. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 uliyapa mataifa mamlaka juu ya mimea na wanyama wao, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ikaweka utaratibu wa kugawana faida. Lakini mikataba hiyo haimfuati aliyekwisha kuondoka. Ua la Usambara lilivuka bahari miaka 100 kabla ya Rio, na vizazi vyake vya dukani sasa vina wenyewe.

Jiwe, kivuli na umande

Kuna wanaosema kwamba ua lililoenea duniani kiasi hicho haliwezi kuwa hatarini. Hoja hii inavutia, nayo ni ya makosa.

Mimea ya madukani imetokana kwa sehemu kubwa na mimea michache iliyochukuliwa mwanzoni. Ndugu zake wa porini ni wengi zaidi kwa umbo na kwa tabia: wapo wanaotambaa, wapo wanaovumilia ukame kwenye miamba ya pwani, wapo wanaoishi juu mlimani penye baridi. Baadhi yao wanajulikana katika sehemu moja au mbili tu. Wataalamu bado wanabishana kuhusu idadi ya aina zake. Zamani walihesabu zipatazo 20, baadaye wakapunguza, na mwaka 2015 wakaliunganisha kundi lote na jenasi kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Ubishi huo ni wa majina. Juu ya jiwe lenyewe mambo ni rahisi zaidi kuyaona.

Mmea huu hushika udongo mdogo mno, pengine kiganja kimoja, ndani ya ufa wa mwamba uliofunikwa na kuvumwani. Huishi kwa unyevu wa hewa na kwa kivuli cha miti mikubwa. Hauhitaji kung'olewa ili ufe. Mti ulio juu yake ukikatwa, jua la adhuhuri hupiga mwamba, kuvumwani hukauka, na baada ya misimu michache ufa hubaki mtupu.

Miti ya Usambara Mashariki imekatwa kwa sababu nyingi, na si haki kumbebesha mkulima mdogo lawama zote. Mashamba makubwa ya kahawa, na baadaye chai, yalifyeka misitu tangu enzi ya Wajerumani. Katika miaka ya 1970 na 1980 uvunaji wa mbao kwa mashine, ukisaidiwa na fedha za wafadhili wa kigeni, ulifungua barabara ndani ya misitu ambayo hapo kabla ilipitika kwa miguu tu. Iliki, zao lenye bei nzuri na linalopenda kivuli, ilipandwa chini ya miti. Mpandaji hupunguza miti michache, husafisha chini, na msitu huonekana kwa mbali kana kwamba upo, hali watoto wa miti hawaoti tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja wimbi la dhahabu: wachimbaji wadogo walimiminika Sakale, karibu na Amani, wakafukua vijito kwa majembe na kuosha mchanga ndani ya maji yaleyale yanayoelekea Mabayani.

Serikali ya Tanzania ilikwisha kutangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na UNESCO ikaitambua Usambara Mashariki kuwa hifadhi ya mfumo wa maisha mwaka 2000. Hatua hizo zilisaidia. Hata hivyo, mipaka ya hifadhi huchorwa kwa kufuata misitu mikubwa, ilhali baadhi ya mawe yenye maua haya yamo katika vipande vidogo vya msitu wa bondeni, katikati ya mashamba, ambako hakuna mlinzi wala kibao.

Bustani iliyotoka nje ya ua wake

Msafiri apandaye kutoka Muheza kwenda Amani huingia katika mojawapo ya bustani kubwa za mimea barani Afrika. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo. Walileta miti na vichaka kutoka kila bara lenye joto: mipira, mikwinini, mikafuri, viungo, mbao. Nia yao haikufichwa. Walitaka kujua ni mmea gani utaliletea koloni faida. Waingereza wakairithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye shughuli za kilimo zikahamishiwa Muguga nchini Kenya. Bustani ikabaki na walinzi wachache, na mimea ikabaki na uhuru mwingi.

Mfano unaotajwa zaidi ni mti wa musizi. Kwao ni misitu ya Uganda, Bukoba na Afrika ya magharibi. Si mgeni wa mbali kama mikwinini, naye hukua haraka na kutoa mbao laini. Ulipandwa Amani mapema katika karne ya 20, kisha ukapandwa kwa wingi ili kujaza mapengo yaliyoachwa na wavuna mbao. Hapo hondohondo wakaingia kazini. Ndege hao wakubwa hula matunda ya musizi na kudondosha mbegu mbali msituni, na kila penye uwazi musizi ukaota kabla ya miti ya kienyeji kuamka. Watafiti waliofanya kazi huko katika miaka ya 1980 waliogopa kwamba ungeweza kuutawala msitu mzima. Hofu hiyo haikutimia kwa ukubwa uliotabiriwa, kwa kuwa musizi hupenda mwanga na haukai raha penye kivuli kizito. Lakini penye uwazi umeketi, na hauna dalili ya kuondoka.

Chini yake, kwenye njia za miguu na kingo za vijito, kimeenea kichaka kutoka Amerika ya kitropiki ambacho wanabotania hukiita Clidemia hirta. Hakivutii macho ya mgeni. Hukaa palepale ambapo mmea mdogo wa mwambani ungehitaji nafasi.

Yafaa kuwa waadilifu hapa. Bustani ya Amani imehifadhi elimu, imefundisha vizazi vya wataalamu, na baadhi ya miti yake ni hazina. Tatizo ni kwamba waliopanda hawakuulizwa ni nani atakayeng'oa.

Ua lililoziba mito

Gugu-maji lina hadithi ileile kwa kipimo kikubwa zaidi. Maua yake yasimamayo juu ya maji kama kishada yaliwapendeza wakuza bustani wa karne ya 19, na Misri ililipokea kabla ya karne hiyo kwisha. Tanganyika ya miaka ya 1950 ililikuta katika mito Sigi na Pangani, na katika muongo huohuo likauvamia mto Kongo.

Wamarekani walikuwa wamekwisha kuonja adha yake. Mwaka 1910, gugu lilipoziba njia za maji za Louisiana, mbunge Robert Broussard alipeleka muswada katika Bunge la Marekani wa kuagiza viboko kutoka Afrika ili walile gugu, na wananchi wawale viboko. Muswada haukupita. Wavuvi wa Rufiji na wa Naivasha, wanaomjua kiboko kwa karibu, bila shaka wangewapa wabunge wale ushauri wa bure.

Katika Ziwa Viktoria gugu-maji lilionekana kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ilikuwa ikiletwa na mto Kagera kutoka Rwanda. Kufikia mwaka 1998 lilifunika hekta zinazokaribia 20,000. Boti zilinasa, bandari ya Kisumu ikazibwa, mitambo ya kuvuta maji ikasongwa, na samaki wakakosa hewa chini ya zulia la kijani. Nchi tatu zikaanza kuachilia fukusi wadogo walioletwa kutoka asili ya gugu lenyewe, Uganda ikitangulia katikati ya miaka ya 1990. Wadudu hao, wakisaidiwa na mawimbi na mvua za El Nino, walilipunguza gugu kwa kiasi ambacho wengi hawakukitarajia. Halikuisha. Katika ghuba ya Winam lilirudi kwa nguvu baada ya mvua za mwaka 2006, na mapema mwaka 2025 magugu maji yalivikwamisha vivuko kati ya Kigongo na Busisi, mkoani Mwanza, miezi michache tu kabla daraja jipya halijafunguliwa.

Fukusi hawamalizi kazi kwa sababu gugu lina mlishaji mwingine. Maji taka ya miji na mbolea inayosombwa kutoka mashambani ni chakula chake. Mto wenye maji safi, kingo zenye miti na kivuli humnyima gugu nusu ya anachohitaji. Hapo ndipo jiwe lenye ua la Usambara na bandari ya Kisumu vinapokutana: vyote viwili hutegemea mti ulio ukingoni.

Kuna mgeni mwingine wa aina hii ambaye hazungumzwi sana, kwa sababu analiwa. Kila penye bwawa la samaki nyuma ya nyumba kuna uwezekano wa kukuta sato wa Naili au jamaa zake. Mvua kubwa ikifurisha bwawa, samaki huingia mtoni. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliochunguza mito na maziwa ya nchi hiyo waliwakuta perege hao wa kuletwa wameenea katika mabonde mengi, na penginepo wamezaana na wale wa kienyeji. Ziwa Chala, mpakani mwa Tanzania na Kenya chini ya Kilimanjaro, lina perege wake asiyepatikana popote pengine duniani, naye sasa amo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa. Bwawa la familia lenye nia njema ya kupata kitoweo halitofautiani sana na kidimbwi cha bwana mkubwa wa Kizungu mwenye kupenda maua.

Mlango uliofungwa na mlango ulio wazi

Serikali zimeamka kwa viwango tofauti. Uingereza ilipiga marufuku kuuzwa kwa mimea mitano ya majini mwezi wa Aprili mwaka 2014, baada ya mimea ya vidimbwi kuziba mifereji na mito yake. Umoja wa Ulaya ukalitia gugu-maji katika orodha yake ya kwanza ya viumbe vamizi mwaka 2016. Tangu hapo si halali kuliuza, kulikuza wala kulisafirisha katika nchi wanachama. Mwezi wa Disemba mwaka 2022 mataifa yalikubaliana Montreal kwamba kasi ya kuingia na kukita mizizi kwa viumbe vamizi ipunguzwe kwa angalau nusu kufikia mwaka 2030. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai likaeleza mwezi wa Septemba mwaka 2023 kwamba aina zaidi ya 37,000 zimehamishwa na binadamu hadi makazi mapya, kati yake zaidi ya 3,500 zikiwa na madhara, na kwamba hasara yake ilizidi dola bilioni 400 katika mwaka 2019 pekee.

Tanzania ilipitisha sheria mpya ya afya ya mimea mwaka 2020 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, na Kenya ina chombo chake, KEPHIS, chenye sifa ya ukali bandarini na uwanjani. Lakini vyombo hivi vimezaliwa kwa ajili ya kilimo. Hutafuta kirusi cha mahindi na nzi wa embe. Apitaye kando ya barabara kuu za Dar es Salaam au Nairobi huona vitalu vya miche vimepangwa kwa mamia ya mita, na humo lantana yenye maua ya rangi mbili, kichaka kilichokwisha kuteka malisho na kingo za mito mingi, huuzwa kwa uzuri wa ua lake na kwa wepesi wake wa kujifunga uzio. Muuzaji ni kijana anayetafuta riziki. Hakuna aliyempa orodha ya anachoweza kupanda badala yake.

Waliopo ughaibuni nao si watazamaji. Miche na mbegu husafiri katika mizigo ya likizo, zikiwa zimefungwa katika khanga au soksi: waridi la jirani wa Muscat, mmea wa kidimbwi kutoka duka la bustani la Birmingham, zawadi kwa mama anayejenga nyumba Kigamboni au Nyali. Hakuna ubaya moyoni mwa mletaji. Hata aliyelileta gugu-maji barani hakuwa na ubaya moyoni.

Lililo la ajabu ni kwamba, wakati mlango wa kuingilia uko nusu wazi, mlango wa kutokea umewahi kufungwa kwa nguvu mbele ya watu ambao hawakustahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa vijiji vya Amani walianza kufuga vipepeo. Walipanda katika bustani zao mimea ya kienyeji ambayo viwavi hula, wakauza mabuu kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Kwa mara ya kwanza mmea wa msituni usio na mbao wala tunda ukawa na thamani ya fedha ukiwa umesimama. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, hatua iliyokusudiwa kukomesha wizi wa wanyama, na vipepeo wa Amani wakajumuishwa humo pamoja na kobe na nyani. Sheria iliyowalenga walanguzi ilimpiga mwanamke wa kijijini aliyekuwa akilinda msitu kwa hiari yake. Mtu aliyekatiwa kipato cha kipepeo hurudi kwenye iliki, na iliki ina bei yake kwa mti.

Somo la chura

Wapo wanaoona kwamba jawabu ni kuvihifadhi viumbe nje ya makazi yao, katika bustani na majumba ya wanyama, mpaka hali itengemae. Tanzania inalo jaribio la namna hiyo, na matokeo yake yafaa kutazamwa bila ya ushabiki.

Chura mdogo wa Kihansi, mwenye urefu wa sentimita mbili tu, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, chini ya maporomoko, ambako aliishi ndani ya rasharasha za maji. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, sehemu kubwa mno ya maji ilielekezwa kwenye mashine. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka huo. Waliobaki walitoweka, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Vizazi vya wale waliohamishwa, vilivyotunzwa Bronx na Toledo, vilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Ni ushindi, na waliouleta wastahili shukrani. Lakini chura amerudi nyumbani ambako mvua yake hunyunyizwa kwa mabomba yaliyotandikwa na watu, nayo mabomba yanahitaji mtu wa kuyatengeneza kila yanapoziba. Kuhifadhi mnyama katika sanduku la kioo kumeonekana kuwezekana. Kuurudisha mto ulivyokuwa kumeonekana kuwa kazi nyingine kabisa.

Ua la Usambara halina hata bahati hiyo. Vyungu vya madirishani havina cha kurudisha Sigi: ni mimea iliyobadilishwa kwa karne nzima ili ipendeze sebuleni, nayo haingeweza kushindana hata wiki chache na jua la Tanga. Kinachoweza kusaidia ni mbegu na mimea ya porini yenye asili iliyoandikwa, na zaidi ya hapo ni jiwe na kivuli chake. Upande wa Kenya kuna mfano wa jambo hilo. Katika miamba ya chokaa ya Cha Simba, Kilifi, na katika vilima vya Shimba, jamaa za ua hili zimebaki katika eneo ambalo Wamijikenda wana desturi ya miaka mingi ya kulinda misitu ya kaya. Desturi hiyo, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, haikuwa na nia ya kuhifadhi maua. Ilikataza kukata miti, na hilo ndilo ua lilikuwa likilihitaji. Nayo inadhoofika, kadiri bei ya kiwanja na ya mawe ya ujenzi inavyopanda.

Nani analipia kivuli

Mapema mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walitoa fedha kupita kiasi kilichoombwa, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika soko la hisa la Dar es Salaam. Kwa mamlaka ya maji ya mkoa hilo lilikuwa jambo jipya katika Afrika ya Mashariki, na viongozi walilisifu, kwa haki.

Sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye mabomba, matangi, mitambo ya kusafisha maji na mita. Hayo ni ya lazima. Lakini mtambo wa kusafisha hugharimu zaidi kila tope linapozidi, na tope la Mabayani hutoka kwenye miteremko ileile ya iliki na dhahabu. Mwekezaji aliyenunua hatifungani ana mkataba unaomwambia atalipwa nini na lini. Mkulima aliye juu ya kijito hana karatasi ya namna hiyo.

Anachonacho ni katazo. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika tambarare za Mkomazi mita 60 si kitu. Katika Usambara Mashariki, ambako kila bonde lina kijito na kila kijito kina mabonde yake, mita 60 kwa kila upande zinaweza kumeza shamba zima la familia pamoja na choo na kaburi la babu. Sheria isiyoweza kutiiwa huvunjwa kwanza na maskini, kisha huvunjwa na wote.

Baadhi ya wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wamejiunga katika umoja uitwao UWAMAKIZI, wakishirikiana na mamlaka ya maji na wafadhili. Wanachimba makinga maji, wanapanda miti ya kienyeji ukingoni, wanahamisha mazao ya muda mfupi na kuyasogeza mbali na maji, na wengine wamepewa ng'ombe wa maziwa au mizinga ya nyuki ili kufidia ardhi waliyoiachia. Ni mpango wenye akili kuliko katazo, kwa kuwa unakiri kwamba kivuli ni zao na mwenye kulilima anastahili malipo. Udhaifu wake ni kwamba umekuwa ukiendeshwa kwa mradi baada ya mradi, na mradi wa wafadhili una tarehe ya kufungwa, ilhali mvule hauna haraka.

Mkazi wa Tanga hulipa ankara ya maji kila mwezi. Kiasi kidogo cha ankara hiyo, kikitajwa kwa jina na kupelekwa moja kwa moja juu mlimani, kingeweza kuwa mkataba ambao mkulima hana. Hatifungani itaiva mwaka 2034. Mti wa kienyeji uliopandwa leo ukingoni mwa Sigi utakuwa wakati huo na urefu wa kutosha kuanza kulifunika jiwe lililo chini yake.